Tartani ya Chama Chenu: Mambo ya Kujua Kabla Hamjalipa

Cheti cha usajili wa tartani hakimpi mtu umiliki wa tartani hiyo. Tunaanza na jambo hili kwa sababu ndilo linaloweza kuvigharimu zaidi vyama, shule, kwaya na klabu za michezo. Wanachama huchangishana, humlipa mbunifu, hutundika cheti ukutani, kisha wakashangaa kukiona kitambaa kilekile kikiuzwa katika duka wasilolijua.

Tartani ni nini, basi? Sheria ya Rejesta ya Tartani ya Uskoti, iliyopitishwa mwaka 2008, inaieleza kuwa ni ruwaza inayoweza kufumwa, yenye michirizi ya rangi inayopishana na kukutana kwa wima na kwa mlalo hata ikafanya mirabaraba inayojirudia. Maelezo hayo hayataji ukoo wala kilti. Msomaji atokaye Kenya au Tanzania ambaye ataikumbuka shuka ya Kimaasai hatakuwa amekosea sana. Jicho limeona mirabaraba, ingawa historia ni nyingine.

Kiini cha tartani ni hesabu ya nyuzi. Tuseme chama chenu kimechagua buluu 24, nyeupe 4 na kijani 20. Mfumaji huanza na buluu, akaenda hadi kijani, kisha akarudi kwa njia ileile: nyeupe 4, halafu buluu tena. Ruwaza kamili ni nyuzi 52, nayo hurudiwa katika upana wote wa kitambaa. Mpangilio uleule hutumika katika mtande na katika mshindio. Penye buluu juu ya buluu pana buluu halisi. Penye buluu juu ya kijani huzaliwa rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeitia katika beseni. Kwa sababu hiyo rangi 2 hutoa vivuli 3, rangi 4 hutoa 10, na rangi 6 hutoa 21. Kamati inayotaka kila rangi ya bendera, ya nembo na ya sare iingie humo huishia na kitambaa chenye ukungu, ambacho kwa mbali hakina rangi yoyote. Rangi tatu au nne kwa kawaida zinatosha.

Msiamue kwa kutazama kioo cha kompyuta. Ombeni vipande vya sufu iliyokwisha kutiwa rangi, mvitazame mchana, nje ya nyumba. Kumbukeni pia kwamba hesabu ileile ya nyuzi ikifumwa kwa uzi mnene hutoa miraba mikubwa, na kwa uzi mwembamba miraba midogo; kinachopendeza kwenye shali huenda kisionekane vema kwenye tai.

Usajili

Rejesta ya Tartani ya Uskoti ilifunguliwa tarehe 5 Februari 2009, nayo hutunzwa na idara ya serikali ya Kumbukumbu za Taifa za Uskoti. Kuipekua ni bure, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kumtafuta mbunifu, kwa kuwa ruwaza isiyotofautiana vya kutosha na zilizomo haikubaliwi. Maombi huwa na jina, rangi, hesabu ya nyuzi, picha na maelezo ya maana ya tartani. Jina la chama likitumika, hutakiwa uthibitisho kwamba mwombaji amepewa idhini na chama hicho. Barua ya kamati iandaliwe mapema. Ada iliwekwa kuwa pauni 70 rejesta ilipoanzishwa. Ulizeni kiwango cha sasa kwa watunzaji wa rejesta wenyewe. Kipande cha kitambaa kilichofumwa si sharti, ila hupokelewa na kuhifadhiwa.

Haki ni za nani?

Rejesta huthibitisha kwamba tartani ipo, ina jina fulani, na iliandikishwa siku fulani. Kuwazuia wengine wasiifume ni suala la sheria nyingine. Katika Uingereza nzima ubunifu unaweza kusajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki za Ubunifu, ukalindwa kwa vipindi vya miaka 5 hadi kufikia miaka 25. Lakini ubunifu huo uwe mpya: ukiisha kuonekana hadharani, kwa kuvaliwa au kwa kuchapishwa, mbunifu ana miezi 12 tu ya kuomba. Anayengoja sherehe tatu zipite ndipo afikirie ulinzi amekwisha chelewa.

Lipo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Kumlipa mbunifu hakuhamishi haki zake. Tangu Oktoba 2014 mmiliki wa kwanza wa ubunifu uliotengenezwa kwa kuagizwa ni mbunifu, si aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Takeni hati iliyoandikwa na kutiwa sahihi inayokabidhi haki zote kwa chama, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya hati hiyo.

Kwa mfumaji

Kilti ya kiume ya mtindo wa zamani hula takriban yadi 8 za kitambaa chembamba, au yadi 4 za kile chenye upana maradufu. Kwaya ya watu 20 itahitaji yadi 80 za upana maradufu, na hapo shali au tai huanza kuonekana kuwa na busara zaidi. Ulizeni kiwango cha chini cha oda kabla ya kuchagua rangi zisizo za kawaida.

Mtu binafsi anaponunua kwa mbali huwa na siku 14 za kubadili nia, lakini haki hiyo haihusu kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyake mwenyewe, na tartani yenu ni kitu cha namna hiyo. Tena chama kinachoagiza kwa jina lake huenda kisihesabiwe kuwa mlaji mbele ya sheria. Kinachobaki ni kanuni kwamba bidhaa iliyouzwa kwa sampuli sharti ilingane na sampuli. Kwa hiyo agizeni kipande cha majaribio kifumwe kwanza, kikateni vipande viwili, kila upande utie sahihi na tarehe kwenye kadi ya mwenzake, na chenu kihifadhiwe na mweka hazina pamoja na risiti.