Jinsi mnana anavyosuka kiota na kulea makinda

MVUA za mwisho wa mwaka zikishika Ekalakala, Machakos, nyasi huchipuka na migunga iliyokuwa kimya hujaa kelele. Ni msimu wa ujenzi wa mnana, ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi.

Mjenzi ni dume. Huuma ukingo wa jani la nyasi, kisha huruka nalo na kuchana uzi mrefu. Lazima nyasi iwe mbichi, kwani iliyokauka hukatika ikikunjwa. Uzi wa kwanza huufunga kwenye ncha ya tawi kwa mdomo na miguu, halafu husuka pete. Akiwa amesimama ndani ya pete hiyo, husuka chumba upande mmoja, kadiri mdomo unavyofika, na ukumbi upande wa pili. Mlango huelekea chini. Aidha, huyapukutisha majani yaliyo karibu ili nyoka asipate pa kujifichia.

Hapo ndipo mtihani huanza. Dume huning'inia mlangoni kichwa chini, akipigapiga mabawa na kuita. Jike huingia, huvutavuta nyuzi, na mara nyingi huenda zake. Kiota kikikaa wiki moja hivi na kugeuka hudhurungi, hakuna jike atakayekitaka. Dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Madume wachanga huhangaika zaidi, maana viota vyao vya kwanza huwa ovyo kweli.

Jike akiridhika hutandika nyasi laini na manyoya, hutaga mayai mawili au matatu na kuyaatamia peke yake kwa takriban siku 12. Adui wake hapa ni kekeo, ndege asiyejenga, ambaye hupenyeza yai lake ili mwanawe alelewe bure. Lakini mayai ya kila mnana jike yana rangi na madoa yake; akiligundua yai geni hulitupa nje.

Makinda hulishwa zaidi wadudu, hata viwavi na panzi, na huruka baada ya wiki tatu hivi.

Wakulima wa mtama na mawele humchanganya mnana na kwelea, yule mwenye mdomo mwekundu aliyevamia mpunga wa Kisumu mapema 2023. Ni kweli mnana naye hudonoa nafaka, ila hasara kubwa huletwa na makundi ya kwelea. Kabla ya kushika shoka, mkulima na atazame viota. Vya kwelea ni vidogo, vyepesi, na hurundikana kwa mamia katika mti mmoja wa miiba.