Imependekezwa na Nani? Jinsi Programu za Matangazo Zinavyoingia Nyumbani

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani Kampene kutoka Kindu, hata vumbi la pikipiki sijaoga, yaya yangu alinipokea kwa malalamiko juu ya mashini yake. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana kompyuta ya mkononi ya mtumba, inayopata umeme kwa paneli ya jua na intaneti kwa simu yake. Ndiyo anayoandikia mitihani, orodha za watoto na ripoti za mwisho wa mwaka.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mega za juma zima zinaisha kwa siku mbili. Nikifungua ukurasa mmoja, unafunguka mwingine wa kamari. Fundi amesema dawa ni moja tu: kufuta kila kitu na kuanza upya."

Katika hicho "kila kitu" mlikuwa na mitihani ya miaka mitatu, na hakuwa na nakala yake popote. Nilimwomba anipe jioni moja kabla ya kumrudishia fundi mashini. Tuliyoyakuta humo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii, kwa sababu hayakuwa virusi. Zilikuwa programu za matangazo, na aliyezifungulia mlango ni yaya mwenyewe, kwa kujibu "ndiyo" kwa maswali ambayo hakuyasoma vizuri. Sisi tunaosomea lugha hatuwezi kusema kwamba jambo hilo ni la mafundi peke yao.

Programu ya matangazo ni nini?

Ni programu ambayo kazi yake ni kukuonyesha matangazo, na mara nyingi pia kufuatilia kurasa unazotembelea ili ijue ikuletee tangazo lipi. Si kila programu yenye tangazo ni mbaya. Ikisema wazi inachofanya, na ikikubali kutoka unapoitoa, ni biashara kama biashara nyingine. Mbaya ni ile inayojificha, inayobadilisha mipangilio ya kivinjari chako (iwe Chrome, Firefox au Edge), na inayorudi baada ya kufukuzwa.

Kwetu kila ugonjwa wa kompyuta huitwa virusi. Tofauti lakini ina maana. Virusi hujinakili na kuhama kutoka fleshi moja hadi nyingine bila kumwuliza mtu. Programu ya matangazo kwa kawaida hubisha hodi. Inaomba ruhusa, ila inaiomba kwa namna ambayo utaitoa bila kutambua kwamba umeombwa. Ndiyo maana Microsoft huziweka nyingi katika kundi ambalo kwa Kifaransa linaitwa "applications potentiellement indésirables", yaani programu ambazo huenda mtu hazitaki. Neno hilo "huenda" lipo kwa sababu watengenezaji wake wana jibu tayari: mwenye kompyuta alikubali.

Na faida inatoka wapi? Mwenye bidhaa hulipa ili tangazo lake lionekane au libonyezwe. Fedha hiyo hupita kwa mawakala, na sehemu yake humfikia yule aliyeiingiza programu katika kompyuta yako. Wengine hulipwa kwa kila kompyuta mpya inayopokea programu. Kwa hiyo mtu anayekugawia programu ya bure ana sababu ya kufunga nyingine mbili au tatu ndani yake.

Huku kwetu gharama hiyo tunailipa sisi kwa mega. Tufanye hesabu ndogo. Ukurasa wa tangazo ukiwa na mega 2, na ukijifungua kila baada ya dakika 5, kwa saa 4 za jioni utakuwa umefunguka mara 48. Hizo ni mega 96, na wewe hujasoma hata barua moja.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni kifurushi. Unatafuta programu moja ya bure, unapakua, unabonyeza "Suivant", "Suivant", "Accepter", na mwishoni umepata programu nne. Usidhani hili hutokea kwenye tovuti za vichochoroni tu. SourceForge ilikuwa tovuti yenye heshima kubwa kati ya watengenezaji wa programu huria. Mwaka 2013 ilianza mpango wa kufungasha matoleo ya matangazo pamoja na programu ilizozihifadhi. Mwaka 2015 kulizuka lawama kubwa ilipogundulika kwamba GIMP ya Windows, programu ya kuhariri picha, ilikuwa inatolewa hapo ikiwa na kifurushi cha namna hiyo. Mwaka 2016 tovuti ilipata wamiliki wapya, nao wakaufuta mpango huo.

Mlango wa pili ni arifa. Ukurasa unakuuliza kama unauruhusu kukutumia arifa. Wengine huandika kwamba ubonyeze "Autoriser" ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti, au ili video ianze. Ukibonyeza, tangazo litakuwa linatokea pembeni mwa kioo hata kama ukurasa wenyewe umeufunga. Mara nyingi linajifanya onyo: kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza hapa. Aliyekuandikia hajaiona kompyuta yako hata kidogo.

Mlango wa tatu ni mashini yenyewe, pamoja na viendelezi vya kivinjari vilivyomo. Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya Lenovo iliuza kompyuta za mkononi zikiwa tayari na programu iliyoitwa Superfish, iliyopenyeza matangazo katika kurasa za mnunuzi. Ili iweze kufanya hivyo hata kwenye kurasa zilizofungwa kwa siri, kama za benki, ilijiweka katikati ya mtu na tovuti. Mwezi Februari 2015 wataalamu walionyesha kwamba ufunguo wa siri ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote hizo, kwa hiyo mwizi aliyeupata angeweza kumdanganya mwenye kompyuta yoyote kati yake. Mwaka 2017 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilifikia mapatano na Lenovo: kabla ya kuweka programu za namna hiyo, lazima mnunuzi aombwe kibali chake waziwazi. Anayenunua kompyuta ya mtumba ana sababu zaidi ya kuangalia, maana hajui waliotangulia walikubali nini.

Sarufi ya kitufe

Kompyuta nyingi kwetu zinasema Kifaransa. Yaya yangu anakisoma Kifaransa na anakifundisha. Hata hivyo alinaswa, kwa sababu maandishi hayo hayakutungwa ili yaeleweke. Tazama mitego mitatu.

Wa kwanza ni kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji. Programu inakupa njia mbili: "Installation rapide (recommandée)" na "Installation personnalisée". Ya kwanza imependekezwa. Na nani? Sentensi haisemi. Ukiigeuza kwa Kiswahili, swali linajitokeza lenyewe: imependekezwa na yule anayelipwa. Njia ya pili inaonekana kama ya mafundi, kumbe ndiyo inayokuonyesha orodha ya vilivyofungashwa, ukapata kuviondoa.

Wa pili ni ukanushi juu ya ukanushi: "Décochez cette case si vous ne souhaitez pas..." Yaani ondoa alama kama hutaki. Kisanduku kimeshawekwa alama kabla hujafika. Mtu mwenye haraka huona neno "pas", akadhani kuacha kisanduku kilivyo ni kukataa. Kumbe kunyamaza kumehesabiwa kuwa ni kukubali.

Wa tatu ni kitufe kinachokusemea maneno ambayo hujayasema. "Kukubali" ni kikubwa na cha rangi. Cha kukataa kina rangi ya kijivu, na kimeandikwa jambo kama hili: hapana, napenda kubaki bila ulinzi. Anayekataa anatiwa aibu kwa nafsi ya kwanza, kinywani mwake mwenyewe.

Dawa ya mitego yote mitatu ni moja: tafsiri sentensi kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla ya kubonyeza. Nani anatenda? Ananitendea nini? Nikinyamaza inakuwaje? Ukishindwa kujibu moja ya maswali hayo, funga dirisha.

Namna ya kuzitoa

Haya ndiyo tuliyoyafanya jioni ile, kwa mpangilio.

1. Tulikata intaneti, kisha tukanakili mitihani na ripoti zote kwenye fleshi. Kazi yako kwanza, mashini baadaye.

2. Tulifungua "Paramètres", halafu "Applications", tukapanga orodha kwa tarehe ya kuingizwa. Programu tatu zilikuwa zimeingia siku moja. Mojawapo yaya aliikumbuka: ilikuwa ya kugeuza maandishi kuwa PDF. Hizo mbili nyingine hakuwahi kuziona. Tulizitoa zote tatu. Hata hiyo ya PDF hakuihitaji, kwa sababu Word na LibreOffice zote huhifadhi PDF zenyewe.

3. Tuliingia katika orodha ya viendelezi vya kivinjari, tukaondoa kila kimoja ambacho hakuweza kunieleza kazi yake.

4. Katika Chrome tulifuata "Paramètres", "Confidentialité et sécurité", "Paramètres des sites", "Notifications". Hapo tulikuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Tulizifuta, tukachagua kwamba kuanzia sasa tovuti zisiulize tena.

5. Tulirudisha mipangilio ya kivinjari kama ilivyokuwa mwanzo. Hatua hii huzima viendelezi na kurudisha ukurasa wa kwanza, lakini maneno ya siri na kurasa ulizozihifadhi hubaki.

6. Mwisho tulichunguza kompyuta kwa kinga ya Windows yenyewe, Microsoft Defender, isiyolipiwa. Katika mipangilio ya usalama ya Windows kuna pia sehemu ya kuzuia zile "applications potentiellement indésirables". Iwashe. Ikiwa bado kuna mabaki, ipo AdwCleaner ya kampuni ya Malwarebytes, ambayo ni ya bure na ndogo. Ila ipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, maana zipo za bandia zinazoleta ugonjwa uleule.

Kama baada ya yote hayo matangazo yanarudi, hapo ndipo kufuta kila kitu kunakuwa na maana. Lakini utafuta ukiwa na nakala za kazi yako mkononi.

Namna ya kuzizuia

Kwanza, kabla ya kupakua jiulize kama kompyuta yako haiwezi tayari kufanya kazi hiyo. Pili, pakua kwa mtengenezaji mwenyewe. Jina la kwanza linalotokea katika utafutaji mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, kwa hiyo soma anwani. Tatu, usiamini ukurasa unaokuambia usasishe Flash Player ili uone video: Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na hakuna sasisho lake tena. Nne, programu za kulipia zinazogawanywa bure kwa fleshi, pamoja na kifungulio chake, ni njia kuu ya kifurushi. Ukipewa LibreOffice kwa fleshi na mtu aliyeipakua kwa wenyewe, utafanya kazi ileile bila wizi na bila mgeni. Tano, iambie Windows kwamba intaneti ya simu ni "connexion limitée". Haitazuia matangazo, lakini itapunguza yale ambayo kompyuta huyapakua kimyakimya, na mega zikikimbia bado utajua kwamba kuna jambo.

Nchi yetu ina kanuni ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inazungumzia kibali cha mtu katika kukusanya habari zake. Ni vizuri iwepo. Lakini kibali hutolewa kwa kidole, usiku, mtu akiwa peke yake na mashini, na aliyeandika swali anajua kwamba msomaji ana haraka.

Mega za yaya sasa zinafika mwisho wa juma. Mitihani yake ipo kwenye fleshi mbili, moja kabatini na moja kwa jirani. Kabla sijaondoka aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili, kwenye karatasi, maana ya vitufe kumi ambavyo hukutana navyo mara nyingi. Karatasi hiyo ameibandika ukutani juu ya meza. Walimu wenzake wawili walishaiazima ili wainakili. Msomaji anayerudi kwao likizo ijayo, iwe Kampene, Kalima au Pangi, anaweza kuandika ya kwake. Haihitaji intaneti, na kuiandika ni kazi ya nusu saa.