Mwanya wa Mlango na Udongo wa Lubutu: Kupaka Rangi Magari ya Mfano

Gari dogo la mfano husalitiwa na milango yake kabla ya kitu kingine chochote. Magurudumu yanaweza kuwa duara kamili, taa zikang'aa, rangi ikalala sawasawa, lakini fundi akishachora mstari mweusi ti kuzunguka milango, boneti na kifuniko cha tangi, jicho linajua papo hapo kwamba limewekewa kitu cha kuchezea. Gari halisi halina mstari mahali hapo. Lina mwanya, na ndani ya mwanya mna giza kidogo. Giza hilo ndilo la kuiga. Na kwa gari linalosafiri barabara ya taifa namba 3 ya mashariki mwa Kongo, kutoka Kisangani kupita Lubutu hadi Walikale, kuna la pili la kuiga: udongo mwekundu uliojaa humo ndani.

Vipimo kwanza, maana ndivyo vinavyowaangusha wengi. Mwanya kati ya mlango na bodi ya gari zima huwa milimita 4 au 5 hivi. Kwa gari la mfano la kipimo cha 1:24, kinachopendwa sana katika magari ya plastiki ya kuunganisha, milimita 5 inabaki 0.2. Kwa 1:43 inashuka hadi kama 0.12, unene wa kukaribia unywele. Sasa chukua biki ya kawaida. Ncha yake ya milimita 1 huacha wino wa upana wa karibu milimita 0.4, ukizidisha mara 24 unapata karibu sentimita nzima. Mlango wenye mwanya wa sentimita nzima pande zote ni mlango wa gari lililopinduka, likanyooshwa kwa nyundo. Hata viwanda vya magari ya plastiki hutia chumvi hapa: mifereji ya milango mara nyingi huchimbwa mipana kuliko kipimo kinavyodai. Ukiijaza rangi nyeusi unaongeza kosa juu ya kosa.

Halafu rangi yenyewe. Mwanga unaoingia kwenye mwanya hugonga kuta zake mbili, na kuta hizo zimepakwa rangi ileile ya bodi. Kwa hiyo kivuli kinachorudi machoni ni rangi ya bodi iliyotiwa giza. Gari jeupe hutaka kijivu. Jekundu hutaka wekundu mzito wa damu iliyoganda. La njano hutaka hudhurungi. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, huuza rangi zilizokwisha kuzimuliwa kwa ajili ya kazi hii, na haikuishia kwenye nyeusi. Iliongeza kijivu na hudhurungi kwa sababu hiyohiyo. Mpira unaoshika vioo ni habari nyingine: huo ni kitu cheusi kwelikweli, si kivuli, na unastahili rangi nyeusi isiyong'aa.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Japani havilitaji, kwa kuwa waandishi wake hawaishi tunakoishi. Lubutu iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Saa sita mchana jua hukaribia kusimama utosini, hasa miezi ya Machi na Septemba, na mwanga hudondoka moja kwa moja ndani ya mwanya wa boneti. Mwanya huo huonekana mwepesi. Ule wa chini ya mlango, unaotazama ardhi, haupati kitu. Anayetaka gari lake liwe la huku asipake giza moja kila mahali. Alipunguze juu, alikoleze chini.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana, sehemu moja ya rangi kwa sehemu kumi hivi za kizimulio. Kabla ya hapo, pitisha sindano kwenye kila mfereji wakati plastiki bado haijapakwa, kwa mkono mwepesi, maana praima, rangi na vanishi vitaurudisha ujae. Paka bodi kwa rangi ya maji, iache ikauke kabisa, kisha ipake vanishi inayong'aa. Vanishi hiyo ndiyo siri ya usafi: juu ya uso laini rangi hukimbilia mferejini, juu ya uso mkavu usiong'aa hutambaa ovyo na kuacha doa lisilotoka. Chovya brashi nyembamba, gusa mfereji mahali pamoja tu, uache. Kimiminiko kitajivuta chenyewe katika nafasi ile nyembamba na kuzunguka kona. Mtu akiiona mara ya kwanza hutaka kuirudia mlango kwa mlango, na ana haki. Ni sehemu tamu kuliko zote katika kazi hii.

Rangi ikishakauka, futa kilichomwagika kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa mafuta ya taa. Futa kwa kukata mfereji, kamwe usifuate urefu wake, la sivyo utaichota rangi yote uliyoiweka. Na tina kali ya mafundi wa kupulizia magari iache gereji: inayeyusha plastiki na rangi ya chini kwa pamoja.

Lakini magari mengi ya mfano ninayoyajua mashariki mwa Kongo hayakutoka katika boksi la Japani. Yametengenezwa na watoto na vijana kwa mikebe ya sardini, waya, na kandambili zilizokatwa kuwa magurudumu. Nayahesabu kuwa kazi ya mfano sawa na yale ya plastiki, na fundi wake anastahili ushauri uleule. Msanii Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948 na kufariki Kinshasa 2015, alijenga miji mizima ya mfano kwa karatasi, kadibodi na vifungashio vya madukani, na mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake. Mkebe haujawahi kuwa kikwazo. Kikwazo ni kutokupima.

Kwa bati kuna njia bora kuliko kuchora. Kata mlango uwe kipande cha peke yake, ubandike juu ya ukanda wa bati uliopita nyuma yake, na wakati gundi inashika, tenganisha mlango na bodi kwa karatasi. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa karibu milimita 0.1. Mbili zikipangwa pamoja zinatoa 0.2, yaani mwanya halisi kwa kipimo cha 1:24. Zichomoe gundi ikishika, na kivuli kitajitengeneza bila tone la rangi. Paka kingo kwanza, kwa tabaka nyembamba, kwa sababu rangi nzito ya brashi itaziba kazi yote. Land Cruiser ndefu ya kubeba abiria, yenye karibu mita 5, kwa kipimo hiki huja kama sentimita 21. Mikebe miwili ya sardini ikifuatana inatosha urefu wake.

Sasa udongo. Wekundu wa barabara zetu unatokana na oksidi za chuma, na kwenye Land Cruiser nyeupe iliyofika Lubutu baada ya siku za ukame, mwanya wa mlango si wa kijivu tena, ni wa rangi ya kutu. Kwenye gari jeusi au la kijani kizito mambo hugeuka kabisa: mwanya huwa mwangavu kuliko bodi. Hapa ndipo mstari mweusi unaposhindwa moja kwa moja. Nimeona pia Toyota Celica za mfano, za aina aliyoshindia Juha Kankkunen mbio za Safari mwaka 1985, zimepakwa matope kwenye madigadi huku mianya ya milango ikiwa safi kijivu. Vumbi lililofika kwenye madigadi lisingeacha mlango.

Unaweza kutumia udongo wenyewe wa Lubutu, ila si kama unavyouokota. Chembe ya milimita 0.06, ambayo kidole hakiihisi, kwa kipimo cha 1:24 ni sawa na punje ya mchanga ya karibu milimita 1.5. Koroga udongo katika maji, subiri dakika chache chembe nzito zitue, mimina maji yenye ukungu katika chombo kingine, uyaache yakauke. Kinachobaki chini ni unga laini. Uchanganye na maji na tone la sabuni, upake mferejini, ufute kwa njia ileile ya kukata. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati, kwa sababu vanishi ya mwisho huutia giza.

Usiuweke kila mahali. Mvua ya msitu huosha mianya ya juu, hivyo boneti ibaki na kivuli chake tu. Udongo ukae nusu ya chini ya milango, zaidi nyuma ya magurudumu ya mbele yanakorusha, na kwa wingi kuliko kote kwenye milango ya nyuma, kwa kuwa gari likienda hewa hujisokota nyuma yake na kuvuta vumbi. Kwenye pembe ya chini ya mlango teremsha michirizi miwili mitatu mifupi, pale maji ya mvua yalipotokea yakiwa na udongo. Ukingo ambao mikono huushika kila mlango unapofunguliwa, kando ya kitasa, ufute uwe safi.