Vyakula vya Zamani vya Waingereza Vinavyofaa Kurudi Jikoni

Watu wengi katika Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha hudhani kwamba vyakula vya Waingereza vilikuwa vyakula vya matajiri. Wazee wamesimulia juu ya nyumba za mawe za masetla, na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, na mpishi aliyevaa kanzu akibeba sahani kwa mikono miwili. Basi wasikiao husema, "Vyakula hivyo si vya watu kama sisi."

Lakini ukweli ni mwingine. Vingi katika vyakula hivyo vilianza katika nyumba za watu maskini wa Uingereza, watu wenye watoto wengi na nyama kidogo, nao walivibuni ili watoto washibe na fedha isiishe. Kwa sababu hiyo yafaa tuvitazame tena, maana siku hizi bei ya nyama, ya mafuta na ya makaa ni mzigo kwa kila nyumba, mjini na shambani.

JINSI VILIVYOFIKA HAPA

Bonde hili lilikuwa malisho ya Wamaasai, nao walihamishwa kwa mapatano ya mwaka 1904, na ardhi ikapewa wageni kutoka Ulaya. Wageni hao walitaka kula kama walivyokula kwao, kwa hiyo walipanda kwanza vitu vya kwao. Lord Delamere alijaribu ngano huko Njoro, ikaharibiwa na ugonjwa wa kutu. Hakuacha, akatafuta mbegu zinazostahimili ugonjwa huo, na mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga nafaka iliyoitwa Unga, jina ambalo twalifahamu hata leo. Mwaka 1925 wenye ng'ombe walianzisha ushirika wa siagi Naivasha, ambao ndio KCC. Viazi vya kizungu vilikubali udongo wa Molo na Mau Narok; kondoo walinenepa katika baridi ya Molo; shayiri ikamea vizuri kwenye miinuko ya Mau.

Kazi ya kupika ilikuwa juu ya wapishi Waafrika. Mwaka 1928 akina mama wa Kanisa la St. Andrew's la Nairobi walitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya masetla wa Kenya, nacho kilichapishwa tena na tena. Lakini wapishi wengi hawakukisoma kitabu hicho. Bibi alisoma, mpishi akasikiliza, kisha akayaweka yote kichwani. Alijua joto la jiko la kuni kwa kuingiza mkono tu, na alijua wakati bila saa.

Hapa pana jambo la kufikiri. Mpishi huyo alipika chakula cha maskini wa Uingereza, akakipeleka mezani kama chakula cha mabwana, kisha akarudi nyumbani kwake kula ugali wa posho. Hakuambiwa kwamba sahani aliyoibeba ilibuniwa na mama wa nyumba mwenye taabu kama za mke wake. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 masetla wengi waliuza mashamba wakaondoka, na ujuzi ukabaki kichwani mwa wapishi. Wengi wao wamekwisha kufariki, na waliobaki ni wazee sana.

Sasa tutaeleza vyakula vinne ambavyo vitu vyake vyote hupatikana katika masoko yetu.

1. PAI YA MCHUNGA KONDOO

Chakula hiki kilijulikana Uingereza tangu mwisho wa karne ya 18, wakati viazi vilipokuwa chakula cha kawaida cha watu wa mashamba. Watu wenye uwezo waliokula nyama ya kuoka siku ya Jumapili walikitumia ili kumaliza mabaki yake. Maskini walikipenda kwa sababu viazi ni vingi na nyama ni kidogo, lakini kila mlaji huonja nyama.

Kwa watu sita twaa nusu kilo ya nyama ya kondoo au ya ng'ombe iliyosagwa, kilo moja na nusu ya viazi, vitunguu viwili na karoti mbili. Kaanga vitunguu, tia nyama na karoti, nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, kisha kikombe cha maji na chumvi. Acha vichemke polepole nusu saa. Viazi vichemshe, uviponde pamoja na maziwa na siagi kidogo mpaka vilainike. Tandaza viazi juu ya nyama, kisha chora mistari kwa uma.

Mwenye tanuri ataoka nusu saa. Asiye na tanuri asikate tamaa. Afanye kama watu wa pwani wanavyofanya kwa wali: aache makaa machache chini ya sufuria, afunike, kisha apalie makaa ya moto juu ya kifuniko. Viazi vitageuka rangi ya dhahabu. Mtu aliyezoea mukimo hatakiona chakula hiki kuwa kigeni.

2. SUPU YA SHAYIRI

Supu hii ni ya Uskoti, nchi ya baridi na mvua ambayo hali yake ya hewa haiko mbali sana na ile ya Molo mwezi wa Julai. Shayiri yetu nyingi huenda kutengeneza pombe, na watu hawakumbuki kwamba ni chakula kizuri.

Loweka njegere kavu usiku kucha. Asubuhi tia katika sufuria kubwa shingo ya kondoo au mifupa yenye nyama, kikombe kimoja cha shayiri iliyokobolewa, njegere, na maji ya kutosha. Toa povu linapopanda. Baada ya saa moja tia karoti na vitunguu. Baada ya saa ya pili tia kabichi iliyokatwa nyembamba, uache dakika kumi. Desturi ya zamani ilikuwa kunywa supu kwanza, kisha nyama iliyotolewa humo huliwa pamoja na viazi. Hivyo sufuria moja hutoa chakula mara mbili, na moto ni ule ule mmoja.

3. CHUNGU CHA LANCASHIRE

Lancashire ni sehemu ya kaskazini ya Uingereza ambako viwanda vya pamba vilikuwa vingi katika karne ya 19. Akina mama wengi walifanya kazi viwandani, nao walihitaji chakula ambacho hakidai kusimamiwa. Walipanga vipande vya nyama ya kondoo isiyo ghali na vitunguu ndani ya chungu, wakafunika kwa viazi vilivyokatwa duara nyembamba, wakatia chumvi na maji kiasi cha nusu ya chungu, wakaacha katika moto mdogo saa tatu. Nyama ngumu hulainika, na viazi hunywa mchuzi.

Msomaji atauliza, "Makaa ya saa tatu nitayapata wapi?" Jibu ni kikapu cha joto. Chukua kikapu au sanduku, ulijaze nyasi kavu au mablanketi ya zamani, uache nafasi ya sufuria katikati. Chemsha chakula kwa nguvu nusu saa, funika barabara, kisha kiingize mara moja ndani ya kikapu na kukifunika juu pia. Joto likikosa njia ya kutoka litaendelea kupika kwa muda wa saa nne bila moto. Kabla ya kula, kirudishe jikoni kichemke tena, maana nyama ikikaa vuguvugu yaweza kudhuru tumbo. Viazi vya juu havitageuka rangi, lakini ladha itakuwa nzuri. Waingereza walitumia masanduku ya namna hii wakati wa vita, na vikapu vya jinsi hiyo hutengenezwa na kuuzwa Kenya siku hizi.

4. PUDINGI YA MKATE ULIOLALA

Katika miji yetu mkate uliolala hutupwa au hupewa kuku. Waingereza wa karne ya 18 walikuwa wamekwisha kujua la kufanya. Paka siagi vipande vinane vya mkate, uvipange katika bakuli la bati na kunyunyiza zabibu kavu. Piga mayai mawili pamoja na nusu lita ya maziwa na vijiko vitatu vya sukari, umimine juu ya mkate, uache nusu saa ili mkate unywe maziwa. Kwa harufu nzuri kuna kungumanga au mdalasini. Kisha weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji kidogo, funika, uache ichemke polepole muda wa saa moja. Chakula hiki chafaa hasa watoto na wazee wasio na meno. Lakini angalia: mkate uliokauka ni mzuri, mkate ulioota ukungu haufai kuliwa na mtu.

VISIVYOFAA KURUDISHWA

Si kila kitu cha zamani ni chema. Waingereza wengi walikuwa na desturi ya kuchemsha kabichi kwa muda mrefu mpaka ikawa kama kitambaa kilicholowa maji, kisha maji yake wakayamwaga. Vitamini C huharibiwa na moto mwingi, na nyingine hukimbilia katika maji yanayomwagwa. Akina mama wetu, ambao hukaanga kabichi au sukumawiki kwa dakika chache pamoja na kitunguu, wana akili zaidi katika jambo hili. Basi tuchague kama mtu achaguaye mbegu: nzuri aziweke, mbovu azitupe.

USHUHUDA WA WAKATI WA VITA

Mtu asifikiri kwamba hayo ni maneno matupu. Katika Vita vya Pili vya Dunia meli zilizoleta chakula Uingereza zilizamishwa baharini. Tangu Januari 1940 siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyokaushwa viligawanywa kwa vipimo, na vyakula vingine vikafuata; kugawanya huko hakukuisha kabisa mpaka Julai 1954. Lord Woolton, Waziri wa Chakula, aliwahimiza watu kupanda viazi na karoti hata katika bustani za maua, na mwaka 1941 ilitangazwa pai ya mboga tupu ambayo iliitwa kwa jina lake. Nchi nzima, tajiri na maskini, ilirudia mapishi ya mabibi wa zamani. Watu walinung'unika sana, lakini hawakufa njaa.

FAIDA KWA SEHEMU ZETU

Viazi ni chakula cha pili kwa ukubwa nchini Kenya baada ya mahindi, na Nakuru ni moja ya sehemu zinazovitoa kwa wingi. Hata hivyo kila mkulima wa Molo, Kuresoi na Mau Narok anajua taabu ya wakati wa mavuno: wote huvuna pamoja, bei huanguka, na viazi haviwezi kungoja kama mahindi ghalani. Mjini navyo huliwa zaidi kama chipsi, ambazo hudai mafuta mengi. Nyumba inayojua njia nyingi za kupika viazi itakula vyake yenyewe kwa furaha, na itanunua vya jirani pia. Vivyo hivyo kwa shingo ya kondoo, ambayo haina sifa buchani lakini ndiyo iliyo tamu zaidi katika chungu.

Iko faida nyingine isiyopimwa kwa mizani. Wazee waliokuwa wapishi walijifunza kazi ngumu, tena wengi wao waliijua kuliko waliowafundisha. Watoto wa nyumba nyingi hawajui kwamba babu yao aliweza kuoka mkate bora katika debe, au kupika pudingi ndani ya kitambaa bila kuingiza tone la maji. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee wa namna hiyo akiwapo katika ukoo wako, nenda kwake na daftari na kalamu. Muulize alipika nini, kwa kipimo gani, na alitambuaje kwamba kimeiva. Walimu wa shule na vikundi vya akina mama waweza kuifanya kazi hiyo kwa urahisi, maana wanajua kuandika na wanajulikana mitaani.

Kisha, mkiisha kuandika, pikeni, na sahani ya kwanza apewe mzee mwenyewe, akiwa ameketi mezani.