Nyumba Mgongoni mwa Pikapu: Uzito, Kitovu Chake na Njia Mbovu

Mwaka 1960 mwandishi wa Kimarekani John Steinbeck aliizunguka nchi yake kwa pikapu iliyobebeshwa chumba cha kulala chenye kitanda, jiko na meza. Gari hilo, alilolipa jina Rocinante, limehifadhiwa mjini Salinas, California, katika makumbusho yenye jina lake. Vyumba vya namna hiyo, vinavyopakiwa juu ya bodi ya pikapu na kuweza kushushwa safari inapokwisha, leo ni jambo la kawaida huko Marekani na Kanada. Viko vya aina mbili kuu: vile ambavyo paa lake huinuliwa na kuta zake za juu ni za turubai, na vile ambavyo kuta zake zote ni ngumu.

Mnunuzi wa chumba cha kuta ngumu aghalabu huanza kwa kutazama kitanda, jiko na ukubwa wa madirisha. Huo ni mwanzo mbaya, hasa kwa mtu anayekusudia kuiacha lami na kuingia katika njia za changarawe, mchanga na makorongo madogo. Maswali yapasayo kutangulia ni yale ambayo mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo katika somo la kani na wenzo: chumba kina uzito gani, na uzito huo umekaa wapi?

Kuta ngumu zina faida zake. Huzuia baridi na kelele vizuri kuliko turubai, hustahimili upepo, na huwazuia wanyama. Katika kambi ya magari ya Fishing Bridge, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, haviruhusiwi vyombo vya kulala visivyo na kuta ngumu, kwa sababu ya dubu. Lakini faida hizo hulipiwa kwa kilo na kwa kimo.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva wa pikapu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hubandikwa kibandiko kinachotaja jumla ya uzito wa watu na mizigo ambayo haipasi kuzidishwa. Tarakimu hiyo ndiyo ya kushika. Majina ya mazoea kama "nusu tani" na "tani moja" ni ya zamani, wala hayaelezi tena uwezo halisi wa gari. Ichukuliwe pikapu ambayo kibandiko chake kinasema kilo 1,000, na chumba ambacho karatasi za muuzaji zinasema kina kilo 650. Kwa mtazamo wa haraka zimebaki kilo 350. Sasa na yajazwe maji lita 100, yaani kilo 100. Waingie watu wawili wenye kilo 150. Viongezwe betri, mtungi wa gesi, vyakula, nguo na vifaa vya kung'olea gari matopeni, tuseme kilo 120. Jumla ni kilo 1,020. Kikomo kimekwisha kupitwa, na safari bado haijaanza! Tena uzito unaotajwa na wauzaji mara nyingi ni wa chumba kitupu, pasipo vifaa vya ziada kama kipoza hewa au kivuli cha nje.

Hata kilo 1,000 kamili zingekuwa nyingi mno kwa njia mbovu. Gurudumu linapotumbukia shimoni na kupanda tena, springi hazibebi uzito wa mzigo tu. Hubeba pia kani ya kuusukuma juu. Mchapuko wa kwenda juu ukifikia nusu ya ule wa mvutano wa dunia, mzigo wa kilo 1,000 huzilemea springi kana kwamba ni kilo 1,500. Kwa hiyo lililo la busara ni kuchagua chumba kidogo kuliko kile ambacho gari, kwa hesabu za lami, lingeweza kukibeba.

Baada ya uzito hufuata mahali pake. Kanuni za Marekani humtaka mtengenezaji wa chumba aeleze si uzito peke yake, bali pia kilipo kitovu cha uzito huo. Chesisi ni wenzo unaoegemea ekseli mbili. Tuseme umbali kati ya ekseli ni mita 3.6, na kitovu cha mzigo wa kilo 1,000 kiko sentimita 30 mbele ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele itabeba kilo 83 za mzigo huo, na ya nyuma 917. Kitovu kikisogea kikawa sentimita 30 nyuma ya ekseli, ya nyuma itabeba kilo 1,083, na ya mbele itapunguziwa kilo 83 za uzito wake wa awali. Magurudumu yanayoongoza gari yatakuwa mepesi, na usukani utapoteza sehemu ya nguvu zake, hasa katika mteremko wa changarawe. Ndiyo sababu chumba kirefu kinachoning'inia nyuma ya bodi fupi hakifai, hata kiwe kizuri namna gani.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kimo. Gari likisimama kwenye mwinamo wa ubavu, hupinduka pale mstari wa wima kutoka kitovu cha uzito unapotoka nje ya magurudumu. Tanjiti ya pembe hiyo ni nusu ya upana baina ya magurudumu ikigawanywa kwa kimo cha kitovu. Pikapu tupu ya kilo 2,600, yenye upana wa mita 1.7 na kitovu kilicho mita 0.7 juu ya ardhi, ingepinduka kwenye nyuzi 50 hivi. Ikipakiwa kilo 1,000 ambazo kitovu chake kiko mita 1.6 juu, kitovu cha pamoja hupanda hadi mita 0.95, na pembe hushuka hadi nyuzi 42 hivi. Na hesabu hiyo huchukulia kwamba gari ni gogo lisilopinda. Kwa kweli springi na matairi ya upande wa chini hubonyea, chumba huegama zaidi, na pembe halisi huwa ndogo kuliko hiyo. Tangi la maji liwe chini, karibu na sakafu; lililojaa nusu huyumbisha gari, kwa kuwa maji hukimbilia upande ule ule gari linakolalia.

Njia mbovu huleta pia msokoto. Gurudumu moja likipanda jiwe, chesisi hujisokota, ilhali sanduku gumu lililokazwa juu yake halikubali kusokotwa. Kani zote huishia kwenye pembe na maungio. Nyufa hufunguka, maji huingia, na mbao huoza. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi kwenye sakafu yoyote, na kwa hekima iyo hiyo sanduku la kulala juu ya lori la Unimog la Ujerumani huweza kukalishwa kwenye egemeo tatu, chesisi ikijisokota chini yake pasipo kulivunja. Kwenye pikapu ya kawaida hufungwa kwa minyororo yenye springi, na ni bora ishikwe na chesisi kuliko bati la bodi.

Kuhusu kuta zenyewe, fremu ya alumini haiozi kama ya mbao, lakini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao. Usiku wa baridi pumzi za waliolala hugeuka matone juu yake. Chumba cha faibaglasi kilichoundwa kwa vipande viwili vikubwa kina maungio machache ya kuvuja. Anayenunua kilichotumika na abonyeze pembe za chini kwa kidole: palipolainika pana uozo.

Mwisho, chumba kilichojazwa maji, chenye watu na vitu vyao, hupelekwa kwenye mizani, ekseli moja moja, kama malori yanavyopimwa katika barabara kuu za Afrika Mashariki, kisha vipimo hulinganishwa na vile vya gari tupu. Ikiwa ekseli ya mbele imeongezeka kilo 50 na ya nyuma kilo 850, mwanafunzi anaweza kukitafuta kitovu bila kukiona: 50 kwa 900, mara mita 3.6, ni sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma.