Buibui, Kanzu na Runinga

Najua jarida letu ni la mashairi na vitendawili, lakini mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya kitu tunachokitazama kuliko vitabu. Walimu wataniwia radhi.

Huku kwetu Likoni watu huuza runinga kwa bei ya kutupa, eti picha imeharibika. Hata nyumbani kwetu, mama alikuwa ameanza kudunduliza pesa za kununua nyingine, kwa maana nyanya alilalamika haoni sura za watu, aona mng'aro tu, na macho yamuuma. Runinga yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa bado imevaa nguo za dukani.

Maana yake ni hii. Dukani taa ni nyingi na runinga zimepangwa safu kwa safu. Ili mnunuzi avutiwe, huwekwa katika hali iitwayo "Vivid" au "Dynamic", ambapo mwangaza na rangi hupandishwa juu sana. Usiku sebuleni, taa ikiwa moja, mng'aro huo ni adhabu. Basi shika rimoti, ingia kwenye menyu ya picha, uchague "Movie" au "Standard". Picha ya "Movie" huenda ikaonekana ya manjano na imepooza. Usiirudishe! Vumilia siku mbili tatu, macho yatazoea.

Kisha wahitaji buibui na kanzu. Sifanyi mzaha. Tafuta kipindi chenye watu waliovaa hivyo, kama harusi za kwetu au sala ya Idi. Anza na buibui. "Brightness", ingawa jina lake ni mwangaza, hasa hutawala weusi. Ukiishusha mno, buibui lawa kama shimo, mikunjo yote yamezwa. Ukiipandisha mno, lawa la kijivu kama lililopauka kwa jua. Simama pale mikunjo inapoonekana na nguo bado ni nyeusi. Halafu kanzu. "Contrast" hutawala weupe: ikizidi, kanzu yawa karatasi tupu, tarizi ya kifuani haionekani. Punguza hadi tarizi irudi.

Rangi fuatisha baadaye, na kipimo chake ni uso wa mtu. Msomaji wa habari akiwa kama amepakwa rangi ya chungwa, punguza. Nilipofika hapo, nyanya alisema, "Kumbe huyu bwana ana ndevu!" Mama akanunua mabati ya jikoni kwa zile pesa.

"Sharpness" watu hupenda kuipandisha wakidhani picha itakuwa safi, kumbe huchora tu mstari mweupe kandokando ya vitu. Ishushe karibu na chini. Nayo "Backlight" ndiyo taa yenyewe nyuma ya kioo: mchana ipandishe, usiku ishushe, tokeni za stima zikae zaidi.

Vipindi vingi vya zamani vilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3, na runinga za sasa ni 16 kwa 9. Ukiivuta picha ijaze kioo, kila mtu anenepa. Ami yangu apendelea wanene kuliko ile mistari myeusi kando, eti yeye alilipia kioo kizima. Nimeshindwa naye.

Lakini kuna ugonjwa rimoti haiutibu. Zamani za analogi, mawimbi yakiwa dhaifu picha ilijaa nukta kama chenga za mchele, lakini mpira bado ulionekana. Mitambo ya analogi ilizimwa hapa Mombasa mwaka wa 2015. Dijitali haina chenga: picha ni safi, au yakatikakatika vipande vya mraba, au haipo kabisa. Ukiona vile vipande, achana na menyu, mtafute mtu mzima mpande juu kwenye antena, mvua ikiwa haipo. Hewa ya bahari yetu ina chumvi, nayo hula viungio. Vikwangueni, mvikaze, kisha mgeuze antena polepole huku mtu akiwaitia kutoka ndani kipimo cha mawimbi kinachoonyeshwa na king'amuzi. Na waya ukiwa na kutu ya kijani hadi ndani, msihangaike nao, nunueni mwingine.