Sandy Turnbull: Msamaha Uliomkuta Keshakufa

Katika wachezaji wa zamani ninaowasoma, hakuna anitiaye simanzi kama Sandy Turnbull, mshambuliaji wa kulipwa aliyezaliwa Hurlford, Uskoti, mwaka 1884. Alitwaa kombe la Uingereza mwaka 1904 akiwa na Manchester City. Miaka miwili baadaye wakuu wa kandanda waliwafungia wachezaji wa klabu ile kwa malipo ya siri. Naye, adhabu ilipokwisha, akahamia kwa majirani, Manchester United.

Huko ndiko nyota yake ilikong'ara. Alipata ubingwa wa ligi mwaka 1908 na 1911, na bao la pekee la fainali ya kombe ya 1909 lilikuwa lake. Uwanja wa Old Trafford ulipofunguliwa Februari 1910, bao la kwanza alilitia yeye, ingawa Liverpool walishinda 4-3.

Na Liverpool hao hao ndio waliokuja kumponza. Ijumaa Kuu ya 1915, United iliwafunga 2-0 katika mchezo uliokwisha pangwa ili watu wavune kamari. (Kamari! Tuliambiwa chuoni tungali wadogo.) Turnbull hakucheza siku hiyo, lakini alipatikana na hatia ya njama, akafungiwa maisha.

Akaenda vitani. Tarehe 3 Mei 1917 aliuawa Arras, Ufaransa. Kaburi lake halijulikani.

Mwaka 1919 akafutiwa adhabu. Tom Miller wa Liverpool, aliyehukumiwa pamoja naye, alirudi uwanjani, na mwaka 1920 akavaa jezi ya Manchester United.